Saba mezani kwenye mkahawa wa Kitaliano: tuulize nini, tuagize nini?

Swali: Assalamu alaykum. Binti yetu kahitimu chuo cha Kurani, na baba yake kamuahidi piza ya Kitaliano, si ile ya bustani ya Forodhani hapa Zanzibar. Tumechagua mkahawa wa Kitaliano wenye matawi mjini na pwani. Tuko saba: mimi, mume wangu, mama mkwe mwenye sukari na meno machache, na watoto wanne wa miaka 14, 11, 7 na 3. Tumetenga shilingi 250,000. Menyu yao hatuielewi, tunaogopa nguruwe na mvinyo, na bili pia tunaiogopa. Tuagize nini? Msomaji, Fuoni.

Jibu: Waalaykumu ssalaam dada, na hongera kwa binti. Pesa mliyotenga inatosha, ila kwa mpango, na sehemu kubwa ya mpango huo hufanywa kwa simu siku moja kabla. Usingoje mpaka ufike mezani, watoto wana njaa na mhudumu kasimama na kalamu yake.

Kwanza ujue jiko la mkahawa wa matawi linavyofanya kazi, maana mengine yote yanatoka hapo. Mwenye mkahawa anataka sosi ya tawi la mjini iwe na ladha ileile ya tawi la pwani. Kwa hiyo sosi nzito, hasa ya kima, hupikwa kwa sufuria kubwa mapema, pengine tangu jana, ikagawiwa kwenye vyombo na kuingizwa frijini. Mpishi wa jioni anapasha tu na kuchanganya na tambi. Piza mambo yake mengine: donge la unga limeshaumuka, lakini linatandazwa na kupambwa pale ulipoagiza, kitu kimoja kimoja. Ndiyo maana ukisema "usitie hiki" kwenye piza unasikilizwa, na kwenye sosi iliyokwisha kupikwa haiwezekani. Mhudumu akikuahidi kwamba atakuondolea mvinyo kwenye sosi ya kima, anakufurahisha tu.

Sasa suala la halali. Kosa la wengi ni kuuliza, "Chakula chenu halali?" Ukiuliza hivyo Zanzibar utajibiwa ndiyo, na anayekujibu hakudanganyi: kuku na ng'ombe wao huenda wamechinjwa hapahapa na Muislamu. Lakini mkahawa unaohudumia watalii unaweza kuwa na kuku wa halali, na kwenye friji hiyohiyo pakawa na paja la nguruwe lililokaushwa na chupa ya mvinyo wa kupikia. Uliza kitu, usiulize hukumu. Mpigie meneja, au bora zaidi mpishi, umuulize hivi: kima yenu ni ya ng'ombe peke yake, au imechanganywa? Mvinyo unaingia kwenye sosi zipi? Soseji na salami zinatoka wapi, na ni za nyama gani? Kile kisu cha gurudumu cha kukatia piza, ni kimoja kwa piza zote? Mpishi anayejua kazi yake atakujibu maswali haya kwa dakika mbili bila kukasirika. Akijikanyagakanyaga, badilini mkahawa.

Sababu ya kuuliza kuhusu kima ni kwamba ragù alla bolognese, ile sosi inayoingia pia kwenye lasagna, kwa mapishi ya kwao mara nyingi huanza na pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe, na hutiwa mvinyo kabla ya tungule. Hapa kwetu wengi hupika kwa ng'ombe mtupu, lakini mvinyo unaweza kuwa umebaki. Wengine watakwambia pombe yote huruka kwa moto. Si kweli. Chakula kikichemka robo saa baada ya kutiwa pombe, karibu asilimia 40 ya pombe hiyo hubaki. Kikichemka saa mbili na nusu, hubaki karibu asilimia 5. Hukumu ya kiasi hicho ni ya masheikh, si yangu, ila msiamue kwa kudhani kwamba hakuna kitu.

Kwenye menyu, majina ya nguruwe ni haya: prosciutto (likiwa cotto limepikwa, likiwa crudo limekaushwa), pancetta, guanciale, speck, mortadella, 'nduja, na salsiccia isipoandikwa ni ya nyama gani. Salami kwa kawaida ni nguruwe; pepperoni huwa nguruwe, au ng'ombe, au mchanganyiko. Bresaola ni ng'ombe aliyekaushwa, lakini kuna watengenezaji wanaotumia mvinyo katika kumkausha, kwa hiyo uliza. Zipo na piza ambazo jina lake halikuonyi: capricciosa na quattro stagioni huwa na prosciutto ndani, na diavola ina salami kali. Tambi za carbonara na amatriciana zote msingi wake ni guanciale. Mikahawa ya hapa mara nyingine hutia bekoni ya ng'ombe, lakini pasipoandikwa uliza. Risotto karibu daima hutiwa mvinyo mwanzoni, mara tu mchele ukishakaangwa na mafuta. Kwa tambi za vongole, yaani za kombe wadogo, ni hivyohivyo. Hizi mbili, tofauti na ragù, hupikwa ulipoagiza, kwa hiyo hapa ombi la "bila mvinyo" lina maana. Mpishi atatia supu na ndimu kidogo badala yake na hamtaona pengo. Ila risotto nzuri inachukua dakika 18 hadi 20 jikoni, na mwenye mtoto wa miaka mitatu hana dakika hizo.

Kwenye vitamu jihadharini na tiramisù: mara nyingi hutiwa Marsala, ambayo ni mvinyo, au ramu, na kwa kuwa inatengenezwa asubuhi haibadiliki. Zabaione ni Marsala tangu mwanzo. Panna cotta hugandishwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Aiskrimu ya matunda au ya vanila ndiyo njia rahisi. Na kwa mwenye kuchunga sana: jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Kama hilo linakusumbua, waambie wasinyunyize. Mozzarella wanayotumia nayo uiulize.

Hilo la kisu wengi hulipuuza. Piza yenu yaweza kuwa safi kabisa, kisha ikakatwa kwa gurudumu lililotoka sasa hivi kwenye piza ya prosciutto, mafuta yakiwa bado yanang'aa kwenye chuma. Omba ikatwe kwa kisu kingine kilichooshwa, au iletwe nzima muikate wenyewe. Tanuri nalo ni moja kwa piza zote. Ukitaka, omba yenu iokwe juu ya sinia la chuma badala ya kulazwa kwenye jiwe. Itachelewa kidogo na chini haitakauka vilevile.

Tuje kwenye piza yenyewe. Muandae binti kwamba haitafanana na ile ya Forodhani, ambayo ni jamaa wa mantabali: unga mwembamba uliofungwa juu ya kima na yai, ukakaangwa kwenye chuma. Hii iko wazi, vitu juu ni vichache, na unga wenyewe ndio chakula. Anayengoja ishindiliwe nyama atalalamika.

Ipo mitindo miwili mtakayokutana nayo. Ya Napoli huokwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 430 hadi 480 kwa sekunde 60 hadi 90. Pembe hufura, hupata madoa meusi, na katikati hubaki laini kiasi kwamba kipande hunyong'onyea ukikiinua. Haijapikwa vibaya, ndivyo ilivyo, na wenyewe huila kwa uma na kisu. Ya Roma ni nyembamba na kavu, inavunjika. Tanuri za umeme za mikahawa mingi hufanya kazi kwenye nyuzi 300 hadi 350, dakika nne hadi saba, na matokeo yake huwa kati kwa kati. Kwa familia inayokula kwa mkono nawashauri mwombe "iive zaidi, iwe kavu". Kuijua iliyoungua, inua kipande mtazame chini: madoadoa ya kahawia na meusi ni sawa, weusi uliotanda kote si sawa, na mna haki ya kuirudisha. Ikiwa chini ni nyeupe na rojorojo, nayo irudi.

Rojorojo hiyo mara nyingi tunaisababisha sisi wenyewe kwa kuagiza. Piza ya frutti di mare inatamanisha, tena tuko kisiwani, lakini ngisi na kamba hutoa maji wakiwa motoni, hasa waliokuwa wamegandishwa, na dakika tano za tanuri hazitoshi kuyakausha maji hayo. Unga unayanywa. Mkitaka vya baharini, agizeni ngisi wa kukaanga sahani moja pembeni na piza iacheni na vitu viwili au vitatu. Margherita (tungule, mozzarella, mrehani) ndiyo kipimo cha jiko: ikiwa mbovu, nyingine zote zitakuwa mbovu zaidi. Ya pili chukueni ya kuku au ya mboga, na ya tatu ya jodari na kitunguu maji, ambayo jodari wake kwa kawaida ni wa kopo na hana maji ya kumwaga. Ile iitwayo marinara haina samaki wala jibini. Ni tungule, thomu na oregano tu. Wengi wameagiza wakitazamia kamba.

Uliza pia upana kwa sentimita, usikubali "kubwa" na "ndogo". Piza mbili za sentimita 25 kwa pamoja ni ndogo kuliko moja ya sentimita 36, na bei ya mbili hizo karibu daima iko juu. Piza tatu za sentimita 33 zikikatwa vipande vinane kila moja ni vipande 24: baba vitano, wewe vinne, wa miaka 14 vitano, wa 11 vinne, wa 7 vitatu, mdogo kimoja, bibi kimoja. Kinabaki kimoja cha kugombaniwa.

Piza peke yake ingetosha, lakini ongezeni sahani moja ya tambi kwa ajili ya mdogo na bibi. Hapa kuna mgongano wa ladha. Tambi tulizozoea nyumbani, za nazi au za sukari, huiva hadi kulainika. Mtaliano huziondoa jikoni zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, na mama mkwe wako ataona kapewa mbichi. Sema wakati wa kuagiza, si baada: "Zichemke dakika mbili au tatu zaidi." Chagua penne badala ya spaghetti, maana hujichotea kwa kijiko hata mwenye meno machache, na sosi iwe ya tungule tupu. Ulizeni kama ina pilipili; arrabbiata inayo. Pesto ni nzuri lakini ina njugu: ile ya asili ina mbegu za msonobari, na hapa nyumbani korosho huziba nafasi. Kama yupo mtoto anayedhurika na korosho, msiiguse. Na tambi zikifika zianzeni mara moja, piza isubiri. Zikikaa dakika kumi hunywa sosi yote na kushikana donge.

Bibi mwenye sukari msimjengee mlo wake juu ya unga. Mchukulieni samaki wa kuchoma, nguru au changu, na hapa kuna mtego wa menyu ya Kitaliano: nyama na samaki huandikwa peke yake, na huja peke yake. Hakuna wali, hakuna mbatata, hakuna hata jani. Vya pembeni viko chini ya neno contorni na vina bei yake. Muagizieni mboga za kuchoma, biringani na pilipili boga, laini na hazina unga. Mwambieni mpishi samaki aondolewe miiba. Supu ya minestrone ingemfaa, ila ulizeni kama haikuanzwa kwa pancetta. Kinywaji chake kiwe maji; glasi ya juisi ya embe iliyotiwa sukari inaweza kumpandisha kuliko vipande viwili vya piza. Kama anadunga insulini ya kabla ya chakula, asidunge kwa sababu tu mmeagiza. Asubiri aone sahani zinakuja, kwa utaratibu aliopewa na daktari wake, kwa sababu jiko la mkahawa likichelewa huchelewa nusu saa nzima. Wekeni peremende mfukoni, sukari isije ikamshuka.

Kwa watoto: wa miaka mitatu mpondeeni au mwondoleeni zeituni kwanza, mara nyingi huletwa na kokwa yake. Jibini iliyotoka tanurini hubabua ulimi hata pale unga unapoonekana umepoa, hivyo kipande chake kikateni vidogo na mkiache kwanza. Mkate wa thomu hufika upesi na huwatuliza, lakini agizeni sahani moja tu na soda zisitangulie. Mtoto akishajaza mkate na gesi, piza mliyokuja kuila ndiyo mtakayoibeba.

Hesabu. Bei zinatofautiana, kwa hiyo hizi zichukulie za mfano na uzibadilishe kwa menyu watakayokutumia kwa WhatsApp. Watu sita wakichukua kila mmoja piza yake ya 25,000, ni 150,000. Juisi saba za 7,000 ni 49,000, vitamu saba vya 10,000 ni 70,000. Mmeshafika 269,000 na huduma haijaongezwa. Kwa kushirikiana: piza tatu 75,000, tambi 22,000, samaki 38,000, mboga zake 10,000, saladi moja kubwa 15,000, maji makubwa mawili 8,000, juisi nne za watoto 28,000, aiskrimu nne 20,000. Jumla 216,000. Wakiongeza asilimia 10 ya huduma inakuwa 237,600, na mnabakiwa na 12,400. Mkate wa thomu utoeni kwenye hizo, au juisi zipungue moja.

Asilimia hiyo ya huduma, pamoja na VAT, ulizeni kama imo ndani ya bei au inakuja juu yake. Ndiyo inayowashtua watu mwishoni.  Huduma ikishatozwa, bakshishi si lazima. Bili isomeni mstari kwa mstari hasa sehemu ya vinywaji, na mdai risiti ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar.

Muda, mimi ningesema saa kumi na moja jioni, baada ya Alasiri. Watalii hujaa kuanzia saa moja na nusu usiku, na tanuri linalobeba piza nne kwa wakati mmoja halina namna ya kuharakisha meza yenu. Ulizeni tu linawashwa saa ngapi, maana la kuni linahitaji saa nzima au zaidi kupata joto. Mtamaliza kabla ya Maghribi, na watoto wapunge upepo Forodhani. Mkienda tawi la mjini ulizeni meza iko ghorofa gani. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi zilizosimama, na gari haifiki kila mlango. Kwa bibi, ombeni meza ya chini hata kama baraza la juu ndilo lenye bahari. Mkitaka kupeleka keki ya kuhitimu, semeni mapema. Mikahawa mingine hutoza kwa kuikata.

Mkifika, piza agizeni zije mbili kwanza, ya tatu dakika kumi baadaye. Zikija zote tatu, ya mwisho mtaila baridi, meza ikiwa haina hata pa kuweka glasi.

Kitakachobaki bebeni kwa chombo chenu cha kufunika, kwa sababu boksi mara nyingi lina bei. Kiingie frijini usiku huohuo, na samaki aliwe kesho yake. Piza msiipashe kwenye maikrowevu, unga hugeuka mpira. Tia vipande kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu mpaka chini kukauke, kisha dondosha matone ya maji pembeni ya kikaango, funika dakika moja mpaka jibini ilainike, na uiteremshe.